Kujitolea Kujenga Nyumba Bantayan, Ufilipino: Tathmini ya Mwashi wa Takaungu

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengi wenu husoma mistari mitatu mkaenda zenu. Kazi yenyewe ni nzuri. Mafundi wa pale wanaijua kazi yao, na pesa unayolipa unaiona ikisimama mbele yako hadi inaezekwa. Mzigo ni ofisi. Kwa mjengo nawapa nyota nne kwa tano, kwa ofisi mbili, na kwa jikoni zote tano ingawa siku za mwanzo nililala njaa. Jina la shirika siliweki hapa. Ni dogo, lina watu wachache, na mengi nitakayosema yanahusu safari za aina hii zote, si wao peke yao.

Kwa wasionijua: mimi ni wa Takaungu, Kilifi, mtoto wa mwashi, na mwiko niliushika kabla sijaota ndevu. Sasa niko Dubai kwenye matengenezo ya hoteli, leo bomba, kesho plasta ya bafu. Kazini nimezungukwa na Wafilipino, na mmoja wao, Mbisaya, yaani mtu wa visiwa vya kati vya Ufilipino, mwenye maneno mengi, ndiye aliyenitia wazimu huu. Kwao ni Bantayan, kisiwa kidogo kaskazini mwa Cebu, na kila tukikaa kula alinionyesha picha za nyumba zinazojengwa kijijini kwao na wageni wanaolipa ili wafanye kazi. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi kazi hiyo nalipwa. Akacheka. Likizo ilipofika nikaigawa, nusu kwa mama, nusu kwa Bantayan. Mama hesabu hiyo hajaisamehe mpaka leo.

Nilikwenda na shaka, na shaka hiyo ina asili yake. Sisi wa mwambao tumekulia upande wa pili wa biashara hii. Nikiwa kijana niliwahi kuwa saidia fundi kwenye darasa moja upande wa Watamu, vijana kutoka Ulaya wakijitolea kujenga ukuta. Walikuwa watu wazuri, wana bidii, wanaimba. Ila ukuta ulitoka na tumbo kama la mja mzito, na jioni wakishapanda gari kurudi hotelini fundi mkuu alitwambia tubomoe kozi tatu za juu, yaani safu za ukuta, tuzipange upya kabla simiti haijashika. Asubuhi wakapiga picha na ukuta ulionyooka. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu wao ndio waliolipia hiyo simiti. Kwa hivyo Bantayan nilikwenda na swali moja: hapa ni nani anayebomoa usiku?

Njia kwanza, kwa walioko Ghuba. Kutoka Dubai ipo ndege hadi Cebu bila kupitia Manila. Pasipoti ya Kenya inaingia bila viza kwa siku 30, lakini uwe na tikiti ya kurudi na ujaze ile fomu yao ya eTravel mtandaoni kabla ya kuruka. Anayetoka Kenya abebe na kadi ya homa ya manjano. Kuhusu kibali cha kujitolea, mwulize anayekupokea mapema na akujibu kwa maandishi, maana ofisi yangu ilinijibu kwa alama ya kidole gumba tu. Ukifika Cebu unakwenda stendi ya kaskazini, unapanda basi la njano la Ceres mpaka bandari ya Hagnaya, saa tatu hadi nne kutegemea foleni, halafu feri ya saa moja na kidogo mpaka Santa Fe. Shirika lilisema mtu atatusubiri bandarini. Hakuwapo. Nilichukua pikipiki ya kigari cha pembeni, nikafika bila shida, na aliyetakiwa kunipokea nikamkuta kwenye veranda anakula embe.

Kisiwa ukikitazama kutoka kwenye feri unaweza kudhani unaingia Lamu au Pemba. Mchanga mweupe, minazi, jiwe la matumbawe chini kila mahali. Mashua zao zina matengo pande zote mbili kama ngalawa. Kuna upepo wa kaskazini-mashariki unaotuliza mambo na ule wa kusini-magharibi unaovuruga, yaani kaskazi na kusi chini ya majina mengine. Tofauti ni kimbunga. Sisi Mungu ametuepusha na hilo kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana nyumba zetu hatuzifungi kama wanavyozifunga wao.

Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, wao wanakiita Yolanda, kilipiga Guiuan kwanza, kikavuka Leyte, kikapita kaskazini mwa Cebu na kukikanyaga Bantayan. Katika nchi nzima walikufa zaidi ya watu 6,000, wengi wao Tacloban na kando yake, ambako bahari ilipanda ikaingia mjini. Bantayan kilichoua nyumba ni upepo. Utauliza, hayo ni mambo ya 2013, sasa wanajenga nini? Nami niliuliza. Fundi mkuu alinizungusha kijijini akanionyesha. Baada ya kimbunga minazi ilikuwa imelala chini kwa mamilioni, kwa hivyo mbao za mnazi zilikuwa nyingi na za bei ya chini, na watu walisimamisha vibanda vya haraka. Mnazi ni mgumu nje, upande wa shina la chini. Kati ni laini kama sifongo. Mbao ya kati ukiifukia ardhini bila dawa, miaka michache tu inaoza. Alichomeka bisibisi kwenye nguzo ya nyumba moja, ikaingia mpaka mpini. Ndani ya nyumba hiyo analala bibi na wajukuu.

Nyumba mpya tunazojenga ni ndogo, chumba, sebule na jiko la nyuma, kama mita za mraba 20. Msingi wa zege, kisha ukuta wa bloku mpaka kiunoni. Juu yake fremu ya mbao zilizotiwa dawa, na kuta za amakan, mikeka ya mianzi iliyosukwa, inayopitisha hewa vizuri kuliko bloku yoyote. Paa ni mabati yenye miteremko minne. Nilidhani ni urembo. Fundi akanieleza kwamba paa la miteremko miwili linaupa upepo ukuta mzima wa pembetatu wa kusukuma, na la miteremko minne haliupi. Mteremko nao usilale sana, maana bati lililolala upepo hulifyonza likaruka. Kenchi zinakaa karibukaribu, na pembeni misumari ya mabati inaongezwa mara mbili, kwa sababu bati huanza kufunguka kwenye kingo.

Halafu ile kazi iliyonifurahisha kuliko zote, kufunga. Nondo inatoka kwenye msingi, inapanda ndani ya matundu ya bloku, inamwagiwa zege, inashika mkanda wa zege wa juu ya ukuta. Kwenye mkanda kuna boliti zinazoshika nguzo ya mbao. Nguzo na kenchi zinafungwa kwa vipande vya bati nene vilivyokunjwa na kupigiliwa misumari pande zote mbili. Kona zote zina mbao za mshazari. Yaani upepo ukitaka paa ni lazima uchukue na msingi. Baada ya Haiyan mashirika ya makazi yalisambaza mabango yenye maelekezo manane ya kujenga kwa usalama, na bango moja bado limebandikwa kwenye stoo, limepauka kabisa, lakini fundi hahitaji kulisoma. Mimi niliyejenga miaka yote hiyo kwetu, kenchi nikizipigilia misumari miwili ya mshazari na kumwachia Mungu, nilinyamaza nikashika nyundo.

Sasa swali langu. Hapa habomoi mtu usiku, kwa sababu fundi anabomoa mchana, mbele yako. Ni mzee mfupi, sote tunamwita Nong kama wanavyowaita wanaume waliowazidi umri, na hana haya hata kidogo. Binti mmoja kutoka Korea alipanga kozi mbili za bloku, akasimama kando kusubiri sifa. Nong akaweka kamba, akatazama, akazisukuma kwa kiganja zikaanguka, akamwambia kwa upole, “Tena.” Yule binti aliona haya dakika kumi hivi, kisha akarudia. Mara ya tatu kozi zilibaki. Kwa hili peke yake nawaheshimu.

Mimi alinijaribu vilevile. Alinipa timazi bila kusema neno, kisha mpira wa maji wa kupimia usawa, ule ule tunaotumia Kilifi, akajifanya anasoma simu. Nilipomaliza kona akaja, akapima mwenyewe, akanihamisha kutoka kwa wanaochanganya zege nikawa naye ukutani. Wasiojua kazi wanapewa kazi zinazowafaa: kuchekecha mchanga, kukata waya wa kufungia, kukunja ringi za nondo kwenye ubao wenye misumari, kupaka mbao dawa, kubeba ndoo. Mume na mke wastaafu kutoka Australia walikunja ringi tangu asubuhi mpaka merienda, chai ya saa nne, wakabishana nani zake zina pembe nzuri zaidi. Zilikuwa za mke.

Lalamiko la kifundi ninalo moja, bloku. Kisiwani zinatumika sana za inchi 4, na nyingi zimepigwa simiti kiduchu. Niliidondosha moja kutoka kiunoni, kama baba alivyonifunza kukagua, ikawa kokoto. Nong akacheka, akasema ndizo bajeti inazonunua. Utetezi wake una akili: kwa kuwa ukuta unaishia kiunoni na matundu yote yanajazwa zege yenye nondo, bloku inabaki kama ganda tu. Nakubali nusu. Ada tunazolipa zingetosha kununua mashine ya mkono ya kupigia bloku na kuwapa vijana wawili wa pale kazi ya kudumu. Nimeliandika hilo kwenye fomu ya maoni. Mchanga nao hawachukui wa ufukweni, na wana haki, chumvi hula nondo. Unaletwa kwa mashua kutoka bara ya Cebu, na hapo ndipo ratiba inapokufa. Walinzi wa pwani wakitangaza tahadhari ya hali ya hewa, hakuna chombo kinachong'oa nanga. Tulikaa tukitazama bahari, wengine wakachukia. Ofisi ingesema tangu mwanzo kwamba siku za kukaa zipo, watu wangekuja na kitabu.

Ada. Niwaambie hesabu niliyoifanya kwenye karatasi ya mfuko wa simiti. Fundi mzuri pale analipwa kama peso 500 kwa siku. Ada yangu ya wiki moja ilizidi mshahara wa wiki wa mafundi watano. Kwa hivyo mgeni asiyejua kazi, ukimpima kwa jasho lake peke yake, ni hasara tupu, na yeyote anayewaambia kwamba kijiji kinahitaji mikono yenu anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kijiji kina mikono. Kilichokosekana ni mabati, mbao za dawa na mishahara ya Jumamosi. Ukilijua hilo kabla hujalipa, utakwenda na moyo mtulivu na utashika ndoo bila kujiona mkombozi. Ofisi nilipowauliza mgawanyo wa ada walinizungusha sana. Mwishowe walileta karatasi yenye mafungu matatu, malazi na chakula, vifaa na mafundi, na utawala. Hilo la tatu lilinikunjisha uso. Lakini nilimuuliza Nong pembeni kama analipwa kwa wakati. Akasema kila Jumamosi kabla ya saa kumi, haijakosa. Kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko karatasi.

Ardhi sasa, jambo ambalo wageni wengi hawaliulizi kabisa. Bantayan ilitangazwa hifadhi ya nyika kwa tangazo la rais namba 2151 la mwaka 1981, kisiwa kizima chenye miji, makanisa na mabanda ya kuku kikiwa ndani yake. Hati za ardhi zikawa kizungumkuti. Wavuvi wengi wanaishi juu ya ardhi isiyo na karatasi yao, au kwa hisani ya mwenye nayo. Baada ya Haiyan serikali ikaja na mpaka wa mita 40 kutoka ufukweni, watu wasijenge makazi humo, na mvuvi akajikuta anahamishiwa mbali na mashua yake huku hoteli zikibaki palepale. Nilipokuwa nasimuliwa haya nilikuwa kama niko kwetu. Sisi wa ile maili kumi ya mwambao tunajua maana ya kuzaliwa, kuzika babu zako na kupanda minazi mahali, halafu aje mtu na hati kutoka Nairobi. Shirika hili, na hapa nawapa haki yao, halianzi msingi mpaka kuwe na maandishi ya mwenye ardhi yenye muhuri wa barangay, ile serikali yao ya mtaa, kwamba familia itakaa miaka kadhaa bila kuondolewa. Si hati miliki. Siku mwenye ardhi akifa, wanawe watasemaje? Nong aliinua mabega. Lakini amakan na fremu ya mbao vina faida nyingine hapa: boliti zinafunguka. Nyumba ya juu inaweza kuhamishwa, na wao wamezoea tangu zamani kubeba nyumba nzima mabegani, mtaa mzima ukijitokeza.

Chakula, kwa Waislamu wenzangu. Cebu ni nchi ya nguruwe wa kuchoma, na mafuta yake yanaingia hata mahali usipoyategemea. Niliandika kwenye fomu kwamba sili. Fomu haikufika jikoni. Siku za mwanzo supu ya mboga ilikuja na vipande vyake ndani, nikala wali mkavu na chumvi, nikalala nimekunja tumbo. Mpishi, mama wa makamo, Nang kwetu sote, alipogundua aliona haya kuliko mimi. Kesho yake alinunua sufuria na kikaango kipya kwa pesa yake mwenyewe (nilimrudishia kwa nguvu), akavitundika kwenye msumari peke yake na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Tangu hapo nilikula kama mfalme. Samaki wa kuchoma kwa makaa, supu ya samaki yenye tangawizi na majani ya mlonge, mayai bila hesabu kwa kuwa kisiwa kimejaa kuku, na danggit, tasi waliopasuliwa wakaanikwa, wanaliwa na siki. Mtu aliyelelewa kwa ng'onda hatapata tabu. Ijumaa ni pojo, maana Wakatoliki wengi siku hiyo huacha nyama, kwa hivyo Ijumaa sote tulikula chungu kimoja. Msikiti karibu sikuuona. Nilisali verandani, na Nang alijifunza nyakati mpaka akawa ananikumbusha alasiri.

Malazi ni chumba cha watu wanne, feni, chandarua, maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Ya kawaida. Watoto wakikuona barabarani wanapiga kelele “Hey Joe!”, salamu waliyoirithi kutoka enzi za Wamarekani, na hawajali kwamba Joe mwenyewe ni mweusi tititi na anatoka Takaungu. Kupiga picha watoto bila ruhusa ya mzazi kumekatazwa, na wanalisimamia hilo.

Mkienda, nendeni kati ya Februari na Mei, bahari inapotulia, ila jua la Aprili kwenye bati si la mchezo. Bebeni viatu vya ngozi vyenye soli ngumu, misumari ya zamani imezagaa kila pahali, na glavu zenu wenyewe, zao zimechakaa. Msibebe zawadi za nguo. Fundi wao akiwa na msumeno mzuri wa ziada atafurahi zaidi.

Baada ya mimi kurudi, tarehe 30 Septemba 2025, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga kaskazini mwa Cebu karibu na Bogo, likaua zaidi ya watu 70 na kuporomosha nyumba nyingi za bloku upande wa bara na visiwani. Kwa hiyo anayetaka kwenda sasa aulize kwanza shirika lake linajenga wapi na kama michoro imebadilika, maana nyumba iliyofungwa kwa ajili ya upepo si lazima iwe tayari kwa ardhi inayotikisika. Mimi niliwaandikia ofisini usiku uleule kuuliza zile nyumba zetu zimesimama vipi. Nong alinijibu kabla yao, kwa picha: ufa mmoja kwenye plasta ya jiko, mkanda wa zege mzima, amakan haijasogea, na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na sufuria. Ofisi nao walijibu, baada ya wiki kadhaa. Walinitumia kiungo cha kujaza fomu ya maombi upya.